Mwanangu wa miaka 11 hataki kuoga, na vyombo anasema ni kazi ya dada yake

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike 9. Huyu mkubwa haogi mpaka nipige kelele, ameshaanza kunuka kwapa, chupi anaiacha palepale alipoivulia. Nikimwambia aoshe hata sahani aliyolia mama mkwe anakuja juu, eti mtoto wa kiume haingii jikoni wakati dada yake yupo. Dini inasemaje? Na mambo ya kubalehe nimwambie lini, maana naona haya.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Tuanze na la jikoni maana naona ndo limekuchosha. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa anafanya nini akiwa nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake na wakati wa sala ukifika anatoka, ipo kwa Bukhari. Sasa huyu wetu sahani moja itampunguzia nini? Mama mkwe usibishane nae mbele ya mtoto, mwachie mumeo aongee na mamake kwa adabu, na yeye mwenyewe akimaliza kula anyanyue sahani yake akaioshe kijana anamuona.

La kuoga, wengi tunasema "nenda kaoge" tukidhani tushafundisha. Mtoto anaingia bafuni, maji yanamwagika dakika mbili, anatoka visigino vimepauka vilevile. Mtume aliona watu wametawadha visigino havikupata maji akasema "Ole wao visigino kutokana na Moto", kwa hiyo sio jambo la kuchekea. Baba au mjomba amuelekeze kabisa, sabuni inapita kwapani, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, na ajikaushe kabla ya soksi. Istinja, yaani kujisafisha baada ya haja, pia msidhani anajua, wapo watu wazima na ndevu zao wanakojoa wanapandisha suruali wanaondoka, na yule aliyeadhibiwa kaburini kwa kutojikinga na mkojo tunamsoma kila siku. Chupi aifue mwenyewe akiwa anaoga, aianike. Kukata kucha na kuondoa nywele za kwapa na kinena, sahaba Anas amesema waliwekewa muda wasipitishe siku 40, na hiyo ni mwisho jamani sio ratiba, kwapa likinuka leo linashughulikiwa leo.

Kelele punguza. Huyo Anas alipelekwa kumtumikia Mtume akiwa mtoto kama wako, akakaa nae miaka 10, anasema hakuwahi kuambiwa hata "uff" wala "kwa nini umefanya hivi". Kelele zako sasa hivi zimegeuka alamu, asipozisikia anajua muda bado upo. Mpangie saa, mathalani kabla ya Maghribi, na simu haishikwi mpaka ameoga, basi.

Kubalehe ni sasa, maana kijana asiyejua kuota, yaani kutokwa na manii usingizini, ni nini anaweza kusali miezi ana janaba, hajaoga josho linalomlazimu. Haya yako naielewa, ila mama yake Anas, Ummu Sulaym, ndo alimwendea Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu haoni haya kwenye haki, je mwanamke akiota anaoga? Akajibiwa ndio, akiona maji. Wa kiume aambiwe na baba, wewe shughulika na binti, na kwa kweli yeye ndo wa kuharakisha, maana kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, umri mdogo kabisa wa hedhi ni miaka 9 ya kiislamu na wako kashafika. Mkae chumbani wawili tu, mwonyeshe pedi inavyovaliwa na inavyotupwa, jinsi ya kuhesabu siku, na josho lake ikikatika.

Halafu hujaniambia wanalalaje. Kama bado ni kitanda kimoja watenganishe leoleo, hadithi imetaja miaka 10 na huyo mkubwa kashaipita.

Wallahu aalam.