Weka mkasi chini kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja wa Pangani alinitumia picha ya paka wake mweupe, na pembeni ya paka kuna mkasi mpya, haujatolewa hata kwenye karatasi yake. Kaandika: "Dada, shikamoo. Manyoya yamefungana vibaya tumboni na kwapani. Mkasi nimeshanunua, nianzie wapi?" Nilimjibu palepale kabla hata ya kuitikia salamu: weka mkasi chini. Kisha nikamwitikia marahaba, nikamwahidi kuandika kwa kirefu. Swali hili naulizwa sana tangu nilipoanza kuweka picha za Shababi, paka ninayemtunza, na majibu ya haraka haraka ya kwenye simu yanaweza kumuumiza paka wa mtu.

Najua mnachotaka. Wengi wenu mmechukua paka wa Kiajemi, au machotara wao, kwa ajili ya yale manyoya. Mnataka paka akilala barazani, mpita njia asimame amtazame. Nami nataka hivyohivyo, sioni haya kusema. Lakini manyoya yakishafungana, cha kuokoa ni ngozi. Manyoya yataota tena.

Shababi ni paka wa shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kila baada ya sala ya alasiri shangazi alikaa kwenye mkeka, paka mapajani, akamchana kwa kitana cha chuma kuanzia kidevuni hadi mkiani. Wakimaliza, paka anapewa kichwa cha samaki kibua. Miaka yote sikuwahi kuona fundo hata moja kwenye mwili wa paka yule. Kisha shangazi akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Nyumba nzima ikawa ya kwenda na kurudi hospitali ya Bombo, na paka akahamia uani, anashinda kwenye kiwanja cha jirani kilichoota majani. Anarudi jioni kabeba vishona nguo mwili mzima. Kila kimbegu kinashika unywele, unywele unashika mwenzake, na asiyechanwa wiki hadi wiki anafungana. Hapo simlaumu mtu. Mwenye mgonjwa ndani hana macho ya paka.

Ninacholaumu ni kilichofuata. Ndugu zangu walimwita mtu anayeosha mbwa na paka kwa malipo. Simtaji. Alimloweka Shababi kwenye beseni la maji yenye Dettol, akamsugua, na mafundo yalipozidi kukaza akashika mkasi. Paka alinifikia kwangu Chumbageni ndani ya kikapu cha ukili, ananuka dawa, na chini ya kwapa la kushoto ngozi imechanika urefu wa kidole. Hakulia. Alikuwa anatembea kwa hatua fupi fupi, kwa sababu mafundo ya kwapani yalikuwa yanavuta ngozi kila anapotaka kunyoosha mguu. Nilipompigia yule bwana simu kumuuliza, akaniambia, "Dada, hao wana roho ya paka kweli, atapona." Na binamu yangu, ambaye nampenda, akanambia paka tu huyo. Neno hilo bado linaniuma hadi leo.

Sasa nieleze kwa nini mkasi unachana ngozi. Ngozi ya paka ni nyembamba mno na imelegea mwilini. Fundo likikaza linajivuta kuelekea kwenye shina la nywele, na ngozi inapanda nalo, inaingia ndani ya fundo lenyewe. Ukilishika unahisi ni kitu kimoja, kama donge la sufi kwenye mto wa zamani, na huwezi kujua kwa vidole nywele zimeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Unavuta fundo juu ili ukate vizuri, na kwa kuvuta huko ndiko unakozidi kuileta ngozi kati ya makali mawili. Hata mwenye mkono mwepesi anakata nyama. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi huwa nakata taratibu, hakuna shida", muulize paka wake.

Maji nayo. Watu wanadhani paka mwenye mafundo aoge kwanza ndipo achanwe. Ni kinyume chake. Fundo likilowa na kukauka linakaza zaidi kuliko lilivyokuwa, na chini yake unyevu unabaki. Kwa joto hili letu la Tanga wakati wa kaskazi, au masika hewa ikiwa nzito, ngozi iliyofunikwa na unyevu haichukui muda kuanza kuwasha, kuchubuka na kunuka. Nzi wakipata mahali kama hapo wanataga, na mabuu wanakula mnyama angali hai. Chana kwanza, uishe kabisa, kama kuna haja ya kuoga iwe baadaye.

Na dawa. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana nyumba nyingi za kwetu zina vitu hivi kabatini. Dettol haimfai paka. Ini la paka haliwezi kuvunja kemikali za namna ile kama ini letu linavyoweza, na paka hujilamba, kwa hiyo ulichompaka mgongoni atakimeza. Mafuta ya taa ya kuua viroboto yanachoma ngozi, na yakiingia mapafuni ni hatari ya maisha. Unga au shampuu ya viroboto ya mbwa yenye permethrin, dawa ya kuua wadudu, inamtia paka mtetemeko na degedege, na wengi hufa. Soma nyuma ya chupa kabla hujalipa, hata kama muuzaji anakuapia. Na ukimkata kwa bahati mbaya ukamwonea huruma, usimpe Panadol. Panadol inaharibu damu ya paka, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Nimesema haya mara nyingi na nitayasema tena, kwa sababu aliyempaka Shababi Dettol alikuwa anaamini anamsafisha.

Siku ya pili nilimtafuta daktari wa mifugo. Mnaoishi Tanga mnajua madaktari wetu siku nzima wako kwa ng'ombe wa maziwa, huku na kule mkoani, basi mimi nilipiga simu alfajiri kabla hajawasha pikipiki. Aliniagiza Shababi asile kuanzia usiku, kwa kuwa sindano ya usingizi inaweza kumtapisha na matapishi yakamwingia kwenye njia ya hewa. Jamani, usingizi huo ni wa daktari peke yake. Msinunue vidonge vya kumlaza paka mkajaribu nyumbani.

Alinyoa kwa mashine, na nilisimama pale mwanzo hadi mwisho. Manyoya ya tumboni yalitoka kama yalivyo, shuka moja nene la kijivu, na lilipofunuka tukaona ngozi nyekundu yenye mabaka mabichi, na harufu ikajaa chumba. Daktari hakusema kitu, aliendelea tu. Alikuwa analaza kisu cha mashine bapa juu ya ngozi, mkono wa pili unaitandaza ngozi isikunjane, na kila baada ya muda mfupi anagusisha kisu kwenye kifundo cha mkono wake kuona kama kimepata moto. Kisu kikipata moto kinaunguza bila wewe kujua, na utakuja kuona malengelenge kesho. Akanionyesha pia chuchu, maana paka dume anazo vilevile na mashine inaweza kuzikwangua, na ule mkunjo wa ngozi mbele ya paja ambao watu wengi huukata. Aliposhona lile jeraha la kwapani nilitoka nje nikalia kidogo. Sikulia kwa damu. Nililia kwa sababu lilikuwa jambo lisilokuwa na haja ya kutokea.

Mafundo madogo ya nyuma ya masikio na ya kwenye mapaja aliniachia mimi, akaniambia, "Haya ni ya kidole, hayataki mashine." Ndiyo niliyojifunzia, na ndiyo ninayowafundisha.

Chagua asubuhi mapema au jioni, kukiwa na ubaridi. Paka wa Kiajemi pua yake ni fupi, hewa inapita kwa shida, na mchana wa jua kali ukimkamata kwa nguvu utamchosha vibaya. Awe ameshakula na ametulia. Kaeni sakafuni, awe juu ya taulo, na kama una mtu wa kukusaidia ashike mabega kwa upole tu, asimkabe. Punguza ncha za kucha kwanza, ile sehemu inayoonekana wazi tu. Ukitazama kucha kwenye mwanga utaona ndani kuna rangi ya waridi, hapo ni damu, usifike.

Chukua unga wa kornflawa, ule ule wa kuzitisha mchuzi, unyunyize kidogo kwenye fundo. Unafanya nywele ziteleze. Poda ya mtoto acha, ataivuta puani na kuilamba. Sasa bana manyoya kati ya fundo na ngozi kwa vidole viwili, ubane imara, ili ukivuta mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye ngozi. Kisha kwa vidole vya mkono wa pili lifungue fundo kuanzia nje, nywele chache chache, kama unavyofumua msuko wa mtoto mwenye kichwa chepesi kuuma. Likishalegea ndipo kitana cha chuma chenye meno mapana kiingie, kianzie nchani, kirudi nyuma kidogo kidogo. Usianzie kwenye shina. Fundo moja likitoka, mpe dagaa, mwachie aende zake.

Ndiyo, fundo moja. Mimi sikumaliza Shababi siku moja wala sikujaribu. Mkia ukianza kupigapiga chini, masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikitetemeka, amekwambia basi. Ukilazimisha hapo, kesho akiona kitana tu atakimbilia darini. Na akianza kuhema mdomo wazi, acha kila kitu, mpeleke penye ubaridi, na asipotulia upesi mpigie daktari.

Swali la dada wa Pangani lilikuwa hasa hili: nitajuaje fundo langu na fundo la daktari? Jaribu kupitisha kitana katikati ya fundo na ngozi. Kikipita, fundo hilo unaliweza. Kisipopita, ni la daktari. La kwapani, la kinena, la kuzunguka njia ya haja, na la ukingo wa sikio ambapo ngozi ni nyepesi kabisa, mpelekee daktari hata kama unajiamini. Na popote penye harufu, penye majimaji, au paka anapogeuka kukung'ata ukimgusa. Uking'atwa au ukiparurwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile. Kichaa cha mbwa hakichagui, paka anakipata na anakiambukiza, kwa hiyo chanjo yake ya kila mwaka nayo isisahaulike.

Nije kwenye aibu, maana naona ndiyo inayowashikisha watu mikasi. Hamtaki paka anyolewe. Shababi aliponyolewa alibaki na kichwa, mkia na miguu, watoto wa mtaani wakamwita panya, na mama mmoja jirani aliniuliza mbele za watu kama nimemlisha sumu. Niliumia. Lakini siku ileile jioni nilimwona ananyoosha mguu wa mbele wote, kucha nje, kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu. Tunamwonea aibu paka aliyenyolewa, ila paka asiyeweza kunyoosha mguu wake hatumwonei. Sisi watu wa pwani tumekulia na hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia asile. Tunaisimulia kila mwaka. Kumwacha mnyama afungwe na manyoya yake mwenyewe, mkamwangalia tu, mnadhani ni jambo la namna nyingine?

Leo manyoya yamerudi, na wapita njia wanasimama. Kila Ijumaa nampeleka Ngamiani, na shangazi anamchana kwa mkono wa kushoto, polepole, kitana kinamdondoka anaokotewa anaendelea. Daktari wake wa mazoezi amesema kazi hiyo inamfaa. Binamu yangu siku hizi ndiye anayenunua vibua.

Kwa mnaotoka kunyoa: mweke paka ndani, asipigwe na jua, hasa mweupe, maana ngozi iliyozoea kivuli cha manyoya huungua haraka. Kama mafundo yalikuwa masikioni, angalia asitikise kichwa kupita kiasi, kwa kuwa sikio linaweza kuvimba damu kwa ndani. Mwulize daktari pia kwa nini aliacha kujisafisha. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma, mnene asiyefika mgongoni, au mwenye jino bovu, atafungana tena hata umnyoe mara ngapi. Manyoya marefu huchukua miezi kurudi, msikate tamaa mapema. Anza kumchana yakiwa bado mafupi, akuzoee. Nyuma ya masikio na kwapani pitisha kitana kila siku, hata kama mwili mzima utaupitia mara mbili tatu kwa wiki.