Barabara ya Serengeti: lami iishie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa Mugumu, wilayani Serengeti. Tangu mwaka 2010 tunasikia habari za barabara kuu ya kutoka Musoma hadi Arusha kupitia kaskazini mwa hifadhi, na kila inapotajwa, watu wa mazingira huipinga. Masika lori la mahindi hukwama njiani, na mama mjamzito hupelekwa hospitali kwa pikipiki. Je, nyumbu wana thamani kuliko sisi? Na lami itawadhuru vipi, ilhali magari yanapita humo hata sasa?

JIBU: Ndugu msomaji, hapana, hawana thamani kuliko ninyi, na dai lenu la barabara ni la haki. Lakini mradi huo ulibeba mambo mawili ambayo ni vyema kuyatenganisha. Kuna lami ya kuwafikia watu, upande wa Mugumu na upande wa Loliondo, na kuna kipande cha kilomita 53 hivi kinachokatiza ndani ya hifadhi, ambako hakuna kijiji hata kimoja. Ubishi mkubwa umekuwa juu ya kipande hicho.

Hapo ndipo wanapopita nyumbu wapatao 1,300,000 ambao kila kiangazi huelekea kaskazini kufuata majani na maji ya mto Mara. Magari machache kwenye njia ya udongo hayawazuii. Lami ni jambo jingine, kwa kuwa huvuta malori ya masafa marefu yanayokwenda kasi usiku na mchana. Ajali zitafuata, na watu wakishaanza kufa kwa kugongana na makundi ya wanyama, itakuwa vigumu kwa serikali yoyote kukataa shinikizo la kujenga uzio. Uzio huo ndio utakaowatenga nyumbu na maji.

Ukipata safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, angalia Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hukatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Yako matuta, viko vibao vya mwendo, na ziko faini kwa anayegonga mnyama kulingana na aina yake. Hata hivyo wanyama bado wanagongwa, na nyani hukaa ukingoni mwa lami wakingoja maganda ya ndizi yanayotupwa kutoka madirishani mwa mabasi.

Nyumbu wakipungua, hasara haitakuwa ya utalii peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa sotoka, unaotokana na ng'ombe, ukiwa umewapunguza hadi 250,000 hivi, nyasi zilibaki ndefu, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mbuga karibu kila mwaka, na miche ya miti haikupata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe ilipoutokomeza ugonjwa huo, nyumbu waliongezeka, nyasi zikaliwa, moto ukapungua na miti ikarudi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami nasikitika kwamba haielezwi vya kutosha kwa wananchi wanaoishi jirani na hifadhi.

Mwaka 2011 serikali iliieleza UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia urithi wa dunia, kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe, na Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ikazuia kisijengwe kwa lami. Hakuna kati ya hayo kinachozuia lami kufika Mugumu. Kwa malori ya kwenda Arusha, iko njia ya kusini ya Maswa, Lalago, Haydom, Mbulu na Karatu, ambayo inapita penye vijiji na wakulima wengi.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nendeni kwa wingi. Ulizeni lami ya Mugumu itakamilika lini, makalvati yatawekwa wapi ili maji ya mvua yasielekezwe mashambani, na mashimo yatakakochimbwa kifusi yatafukiwa na nani, kisha mhakikishe majibu yameandikwa kwenye muhtasari kabla hamjatawanyika.