Unapasha moto seli za utumbo? Usikimbilie maikroskopu

Wadogo zangu wengi wanaoanza maabara ya seli wanapewa Caco-2 (seli za utumbo wa binadamu zinazokuzwa maabara) waangalie shaperoni, yaani protini zinazosaidia protini nyingine zikae umbo lake, zinavyolinda kiunzi cha seli za utumbo, basi mtu anazipasha nyuzi 42 saa nzima, anamwaga sumu ya kuzijaribu papo hapo, kisha anashangaa mbona zote zimekufa. Jamani, zipe muda! Moto unaamsha tu, Hsp70 yenyewe, shaperoni inayozilinda, lazima iundwe, kwa hiyo zirudishe 37 zipumzike masaa kadhaa ndo uje na sumu. Wale wa Chuo Kikuu cha Chicago walioonyesha seli za utumbo wa panya zikistahimili sumu ya monokloramini walihakikisha Hsp70 imeshapanda kwanza.

Na angalia midia, yaani maji ya chakula cha seli. Mimi naanzaga na hapo kabla hata sijagusa inkubeta, maana glutamini, asidi amino iliyomo, inaharibika yenyewe humo kwenye chupa na ikipungua seli hazipandishi Hsp70 vizuri, utabadilisha antibodi za kuipimia weee kumbe shida ni chupa iliyokaa kwenye friji toka muhula uliopita.

Halafu seli changa achana nazo. Caco-2 zikishajaa sahani ziache kama siku 21 ziote maikrovilai, kwa sababu ndani ya vile vinyweleo kuna nyuzi za aktini, protini ya kiunzi cha seli, zimefungwa pamoja na uharibifu unaonekana vizuri hapo. Aktini hata kujikunja ikae umbo lake haiwezi bila shaperoni nyingine, CCT, ile yenye pete mbili kila pete vipande 8, na tubulini, protini nyingine ya kiunzi, hivyohivyo. Shaperoni ya Hsp27 ni kazi nyingine kabisa, inatunza nyuzi zilizokwisha kuundwa zisivunjike ovyo seli ikiwa kwenye dhiki. Kuna na shaperoni ya UNC45A inayohudumia miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyo wanaharisha vibaya tangu uchanga, kwa hiyo msione haya ni mambo ya sahani za plastiki tu.

Westani bloti ya aktini, kile kipimo cha kiasi cha protini kinachotoa mistari, nayo isikudanganye. Inapima aktini yote, iliyoungana na iliyotawanyika, mistari inatoka sawa hata kama nyuzi zimesambaratika. Tumia rangi ya faloidini, hiyo inashika nyuzi tu, au tenganisha kwanza kwa sabuni ya Triton ndo uendeshe bloti ya mafungu yote mawili, iliyoungana na iliyotawanyika. Na kontroli, zile seli za kulinganishia zisizopashwa moto, zitoe inkubeta pamoja na zile za moto, zikae kwenye maji ya 37 muda uleule.