Bibi na Morris Minor: picha hii ni ya mwaka gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina picha ndogo nyeusi na nyeupe ya bibi yangu, Tanga, amejifunga kanga na ameegemea Morris Minor. Mama anasema ni ya 1955, mjomba anashikilia ilipigwa baada ya Uhuru. Nitajuaje? Tena imeganda kwenye albamu ya kurasa za gundi. Niibandue?

JIBU: Marahaba. Usiibandue kwanza.

Tuanze na gari. Morris Minor ilianza kuuzwa 1948, na hadi 1956 kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili vyenye utepe wa chuma katikati. Mwishoni mwa 1956 ndipo kikaja kioo kizima kilichopinda. Katika nakala uliyonitumia, nyuma ya bega la bibi kioo ni kizima, utepe haupo. Basi 1955 haiwezekani, mama atuwie radhi. Lakini mjomba naye asishangilie bado. Gari hukuambia picha haikupigwa kabla ya lini. Mwisho wake halikuambii, maana Morris zilitembea miaka mingi. Chunguza nguzo iliyo nyuma ya mlango wa mbele. Ukiona kijitundu chembamba cha wima, hapo ndipo kilipojificha kijimkono cha indiketa, na gari hilo limetengenezwa kati ya 1956 na 1961, kabla ya indiketa za taa. Wala usidhani lilikuwa la familia. Wengi walipiga picha na gari lililoegeshwa tu, na picha haipungui thamani kwa hilo.

Mimi ningeipa kanga uzito kuliko gari. Nilipoikuza nakala yako, kwenye pindo niliona herufi "WA MUNGU", zimesimama sawa, hazikugeuka, kwa hiyo negativu (filamu inayotoa picha) haikuwekwa kinyume wakati wa kusafisha. Mwonyeshe mama na shangazi zako. Akina mama wa Pwani hukumbuka jina la kanga na harusi au msiba ilikonunuliwa, na kumbukumbu hiyo inaweza kukupa mwaka ambao gari haliwezi kukupa.

Sasa albamu. Iskani picha ikiwa palepale kwenye ukurasa, kwa nukta 1,200 kwa inchi kwa kuwa ni ndogo, uhifadhi faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Baadaye inua plastiki ya juu taratibu, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha kuanzia pembeni, ukivuta huku na huku kama msumeno. Ikigoma, acha, kata ukurasa kuizunguka. Maji na pasi viweke mbali kabisa, nimeona nyuso zikibaki kwenye gundi.

Ikitoka, papasa mgongo wake. Ukiwa laini kama plastiki, hiyo ni nakala iliyosafishwa miaka ya 1970 au baadaye, hata kama bibi alisimama pale zamani. Ukiwa karatasi tupu, andika pembeni kwa penseli laini jina la bibi na la kanga yake.