Tepu uliyobandika, itoe kwa mkono wako

Jumanne iliyopita nilipita nyuma ya ndege iliyotoka kuoshwa, nikamkuta kijana wa mwaka wa kwanza ameziba matundu ya statiki, vile vijitundu vya ubavuni vinavyozipa geji hewa ya nje, kwa selotepu ili maji yasiingie. Ile isiyo na rangi, ya kufungia zawadi. Nilimwita akaja mbio, povu la sabuni limemfika viwikoni. "Naam, mzee." Nikamuuliza: kesho alfajiri kepteni akiizunguka ndege hii na tochi, tepu hiyo ataionaje? Akatazama chini.

Sikumkaripia. Miaka kumi na tisa iliyopita kijana yule nilikuwa mimi. Ila usiku ule usingizi haukuja, na ndipo nikaamua kuwaandikia nyinyi mafundi wapya mlioingia hanga, banda letu la ndege, mwaka huu. Mnaijua kadi ya majaribio, mnaijua ITT (joto la gesi ndani ya injini) na Ng (mbio za injini, kwa asilimia), sitawarudisha darasani. Nitasema yale ninayoyaona yakirudiwa kila mwaka, kundi baada ya kundi, hata nikadhani mnaachiana urithi.

1. Pua ya ndege iangalie upepo. Hapa Mombasa hili halitaki hesabu: kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini, na mvuvi yeyote wa Likoni atakuonyesha kwa kidole. Lakini bado nawaona mnawasha injini mkia ukiwa ndio unaotazama upepo, kwa sababu trekta iliiacha ndege hivyo na jua ni kali. Upepo wa nyuma unairudishia injini moshi wake mwenyewe, inapata moto kabla ya kupata mbio. PT6A-114A, injini ya ndege yetu ndogo ya Caravan, ITT yake inaruhusiwa kugusa nyuzi 1,090 za Selsiasi wakati wa kuwasha, tena kwa sekunde 2 tu. Sekunde mbili hazikutoshi hata kumwita mwenzako. Betri iwe na nguvu, Ng isipofika asilimia 12 usifungue mafuta, na mkono usiondoke kwenye liva ya mafuta mpaka injini itulie. Kuna mmoja wenu, namjua na nampenda, aliyetoa mkono kujikuna shingo. Nilimshika mkono nikaurudisha kwenye liva kama ninavyomshika mjukuu wangu tukivuka barabara ya Magongo. ITT ikipanda kama moto wa makuti, kata mafuta, acha stata iendelee kuzungusha ili joto litoke, maelezo yatakuja baadaye.

2. Choki, vile vizuizi vya magurudumu. Tarehe 15 Novemba 2007, Toulouse, Airbus A340-600 mpya kabisa ilikuwa ikipigwa injini chini, yaani zikijaribiwa ndege ikiwa imesimama, kabla ya kukabidhiwa mteja. Injini zote nne, nguvu nyingi, magurudumu hayana choki. Ndege ikasogea, ikapanda ukuta wa kuzuia upepo wa injini, pua ikavunjika, watu waliokuwa ndani wakaumia. Huko ni kiwandani kwa walioiunda. Basi usiniambie breki zinashika.

3. Hii ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilikuwa fundi wa kampuni nyingine wakati huo, ndege ndogo za injini mbili. Tulikuwa tumebadilisha injini ya kushoto, tumeipiga chini siku mbili, namba zimekaa vizuri, imebaki kuirusha. Safari ilipangwa Ijumaa baada ya swala. Asubuhi ile msimamizi akasema ndege ioshwe kwanza, maana ilikuwa imekaa nje wiki nzima na mnajua chumvi ya kwetu, inakula bati huku unaiangalia. Nikapewa mimi.

Tepu ya rangi ya machungwa ilikuwa imekwisha. Kwenda kununua nyingine nikaona ni mbali. Mezani palikuwa na tepu ya kufungia maboksi, inayopenyeza mwanga, nikakata vipande nikaziba matundu ya statiki upande huu na upande huu. Nikaosha. Nikiwa sijamaliza kukausha nikaitwa kusaidia kwenye injini, kulikuwa na bomba linalohitaji mikono miwili. Niliporudi, ndege ilikuwa inang'aa. Vifuniko vya pito, mirija ya mbele inayopima kasi, vile vyenye utepe mwekundu, mtu alikwishavitoa na kuvipanga kwenye trei. Nikaviona pale, nikaridhika. Kwenye kadi palikuwa na mstari: vifuniko na tepu zote zimeondolewa. Nikasaini. Mwenzangu aliyetakiwa kukagua baada yangu akasaini pia, bila kuzunguka, kwa sababu nilikuwa na sifa ya uangalifu. Sifa ile ilitufumba macho sisi wawili.

Niliwaangalia wakiondoka kwenye barabara ya kurukia ya 03, nina kikombe cha chai mkononi. Ndege ikanyanyuka vizuri, ikapita juu ya Changamwe.

Sasa sikilizeni kilichotokea ndani, na muelewe kwa nini hakuna aliyekigundua chini. Tundu la statiki likizibwa, hewa iliyobaki kwenye mirija ni ile ya uwanjani. Ukiwa bado barabarani hiyo ndiyo hewa sahihi, kwa hiyo geji ya kasi inasoma sawasawa mpaka unanyanyuka. Kuanzia hapo inakudanganya. Altimita yao ilibaki kwenye futi 200 na kidogo, kimo cha uwanja wetu. Geji ya kupanda ikakaa kwenye sifuri. Na kadiri walivyopanda, geji ya kasi ikazidi kushuka, ingawa injini zote mbili zilikuwa zinavuta. Rubani asiyejua angeshusha pua kutafuta kasi. Na wakati wa kushuka uongo unageuka: geji inaonyesha kasi nyingi kuliko uliyo nayo, unapunguza nguvu, unaingia kwenye stoli, mbawa zinaacha kuibeba ndege, ukiamini uko salama.

Kepteni alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alishika pua na nguvu anazozijua, akafungua chanzo cha statiki cha akiba, geji zikazinduka. Ilikuwa mchana, pwani yote inaonekana mpaka Diani. Akageuka, akatua.

Hakuja ofisini. Alishuka, akatembea moja kwa moja hadi ubavuni nyuma, nikamwona anabandua kitu kwa ukucha. Akaja nilipokuwa nimesimama, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa shati langu. "Hii ni yako, mwanangu." Hakuongeza neno. Kiti cha kulia alikuwa amekaa fundi mwenzangu, aliyekwenda kuandika namba za injini. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi ule. Nilikuwa nimekula mahamri na mbaazi nyumbani kwao, nikampakata mtoto. Alipita mbele yangu, akaniambia "pole, kaka," akaenda kukaa kivulini. Pole ile naisikia hadi leo.

Jioni nikaandika ripoti: niliziba, sikufungua, nikasaini. Kwa mwezi mzima sikuruhusiwa kusaini kitu, na ilikuwa haki.

Kepteni aliniita siku chache baadaye, akanisimulia habari ya Aeroperú. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 iliondoka Lima usiku kwenda Santiago. Ilikuwa imeoshwa, na tepu ikasahauliwa juu ya matundu ya statiki. Usiku, juu ya bahari, hakuna taa chini. Marubani wakauliza mnara kimo chao, mnara ukawapa namba ileile ya uongo, kwa sababu namba ya mnara ilitoka kwenye mirija ileile ya ndege. Walipogusa maji altimita ilikuwa inaonyesha futi zipatazo 9,700. Watu wote 70 wakafa. Aliniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanawe kuogelea, kisha akaniagizia kahawa tungu.

Na msikimbilie kusema basi tusizibe. Novemba 2008, karibu na Perpignan kule Ufaransa, A320 ilianguka baharini ikiwa kwenye safari ya majaribio ya kurudishwa kwa mwenyewe, watu 7. Siku tatu kabla iliwekwa rangi na kuoshwa, vipimo vya pembe ambayo mbawa zinakutana na hewa havikuzibwa, maji yakaingia, yakaganda huko juu, vipimo viwili vikakwama mahali pamoja. Lima walisahau kufungua, Perpignan hawakuziba.

Mnachotakiwa kuona ni hiki. Siku ile tulikuwa tunajaribu injini ya kushoto. Kadi nzima iliihusu hiyo, na injini ilikuwa nzuri ajabu. Jaribio linatakiwa liwe na kitu kimoja kisichojulikana. General Electric walipoirusha GE9X mara ya kwanza, Machi 2018, waliifunga chini ya bawa la Boeing 747 kuukuu, injini nyingine tatu zikawa zile wanazozijua. Yote yaliyobaki yamezoeleka, kitu kipya ni kimoja. Mimi niliwapakilia wale ndugu wawili kitu cha pili kisichojulikana, na sikuwaambia kwa sababu mwenyewe sikujua.

Kwa hiyo hangani kwetu: tepu ni ya machungwa, yenye mkia mrefu, kila kipande kina namba, na namba inaandikwa kwenye kitabu cha ndege kabla ya kubandikwa. Aliyebandika ndiye anayebandua. Kisha anagusa tundu kwa kidole. Jicho pekee silikubali.

4. Andika namba uliyoiona. Kijana mmoja aliandika ITT 700 kwa sababu "inatakiwa iwe hapo". Geji ilisema 716. Zile 16 alizozitupa ndizo tulizokuwa tunazitafuta: wiki mbili baadaye zilikuwa zimepanda tena, tukaingiza kamera, tukakuta kompresa ina mikwaruzo ya mchanga wa viwanja vya huko mbugani. Ningalikuwa na namba ya kwanza ya kweli ningeliingiza kamera mapema. Andikeni na joto la nje, kila mara. Chati zinaanzia kwenye nyuzi 15 za usawa wa bahari, na sisi saa sita mchana tuko 30 na zaidi. Ukilinganisha namba za alfajiri na za adhuhuri bila kurekebisha utaishtaki injini isiyo na kosa.

Kwa toki ileile, yaani nguvu ileile ya kuzungusha propela, mkiona ITT imepanda, Ng imepanda na mafuta yameongezeka, osheni kompresa kwanza kabla ya kuanza kutaja bei ya injini. Chumvi. Injini iliyopoa, maji safi, stata bila kuwasha, kisha ikaushwe. Nimeona nyuso zenu zikikunjamana mnapoambiwa mrudie kila siku ndege zikitoka Lamu. Zikunjeni, lakini osheni.

5. Kadi ikisema kimo fulani na hamkukipata, rudini nyumbani. Wale wa Perpignan jaribio la mwendo wa polepole walilifanya chini, baada ya kunyimwa nafasi juu, na vipimo vilipowaangusha hapakuwa na hewa ya kutosha chini yao ya kujirekebishia.

6. Msikilizeni rubani akiwa bado na jasho. Akishakunywa chai "mtetemo mdogo kwenye mguu wa kushoto" unageuka kuwa "iko sawa". Nendeni na kalamu mpaka mlangoni mwa ndege.

Caravan yetu iliyobadilishwa propela inaruka Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla joto halijapanda. Kijana wa selotepu ndiye atakayebandua, nimekwisha mwambia, na mimi nitatembea nyuma yake. Kuna vipande sita kwenye kitabu cha ndege. Anayetaka kujifunza aje na tochi.