Sukari, singo, piko: mwenzenu nilivyoiunguza mikono wiki ya harusi

Jamani leo naongea na maharusi, na dada zao, na hasa wale mashangazi wanaoshika ratiba ya bibi harusi kama vile wanapanga bajeti ya serikali.

Yangu ilikuwa 2014, Unguja, siku ya Jumamosi. Jumanne nikatolewa nywele mikono na miguu kwa sukari, ile inayochemshwa na ndimu. Jumatano na Alkhamisi somo, yule mama anayemfunda bibi harusi, akanisinga singo, yaani kunisugua mwili kwa liwa (mti wa kunukia uliosagwa), asubuhi na jioni, na somo wangu Mungu amlipe kheri ana mkono wa kusugulia masufuria, liwa linakauka analisugua mpaka linapukutika, nikawa laini na nanukia mpaka nywele, kila anayeingia anasema mashallah. Alkhamisi usiku akaja mchoraji. Mi nilitaka hina tu, akaniambia bibi hina peke yake kwenye picha haionekani, ngoja nikuwekee piko maua yakae meusi tititi. Nikasema poa. Wasiwasi wa nini wakati piko napakwa kila sikukuu tangu niko chuoni nasoma juzuu, na sijawahi kutoka hata kipele kimoja?

Haikuchukua hata saa moja, imekauka, inang'aa. Ijumaa usiku ikaanza kuwasha nikadhani mchecheto wa harusi. Jumamosi picha zimetoka nzuri, wala sisemi uongo. Jumapili asubuhi naamka kila ua limeinuka, mstari kwa mstari, jani kwa jani, kama mtu kanidarizi kwa malengelenge. Viganja salama kabisa kwa sababu ngozi ya pale nene, ila nyuma ya mikono mpaka karibu na viwiko ni majimaji tu. Bibi mmoja akasema tia ndimu na chumvi. Nikatia. Hiyo sehemu naomba niiruke.

Daktari wa ngozi aliponiona hakuuliza kwanza kuhusu piko, aliuliza kabla ya piko nilifanya nini. Nikamuorodheshea, sukari, singo mara nne, akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho hakuna somo wala mchoraji aliyewahi kuniambia: lile tabaka la juu la ngozi, lile tunaloliita taka na kulisugua mpaka litoke, ndio mlango wenyewe. We unang'oa nywele, unasugua siku mbili, mlango umeubakisha wazi, halafu usiku ule ule unaleta kemikali kali unaiweka pale kizingitini. Unategemea nini?

Na piko ni kemikali, tusidanganyane. Ni rangi ya nywele. Ule unga wa kwenye paketi una kitu kinaitwa PPD, kirefu chake parafenilenidiamini. Nchi za Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, tena isizidi 2% ikishachanganywa, na Marekani hairuhusiwi kabisa kwenye vipodozi vya kupaka moja kwa moja kwenye ngozi. Sasa mchoraji wetu mizani hana, anakoroga kwa macho, ikionekana nyepesi anaongeza. Watafiti wa Imarati walipima hina nyeusi za kule, ambazo ndo kama piko zetu, wakatoa majibu 2010, nyingine ilikuwa na PPD 0.4% na nyingine 29.5%. Yaani unaweza kupakwa na watu wawili mtaa mmoja na mmoja kakuwekea zaidi ya mara 70 ya mwenzake!

Kuhusu lile swali la mbona miaka yote haikunidhuru, hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Aleji ya piko haiji na mara ya kwanza. Mwili unaisoma kwanza, kimya kimya, unaweza ukapakwa mara tano mara kumi hujui kitu, siku ukishaamua kwamba huyu adui basi ni adui maisha yako yote, na hata hapo hauripuki saa ile ile, unangoja siku moja mpaka tatu. Ndo maana mchoraji anakwambia kwa kiapo kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika. Anakusanya hela Alkhamisi, wewe unavimba Jumapili uko fungate.

Nilipewa krimu ya kupunguza uvimbe, vidonge vya muwasho, na kitambaa cha maji baridi. Vidonda vilikauka wiki ya pili lakini maua yalibaki, mwanzo meusi ya kahawia kisha meupe meupe, miezi minane nimevaa mikono mirefu na joto la Unguja mnalijua.

Halafu mjinga mimi 2021 nikaona mvi mbili tatu, nikaenda saluni wakanipiga dai. Sikuunganisha kabisa! Kesho yake macho hayafunguki, kichwa kizito kama nazi. Kitu kile kile, PPD. Kwa hiyo kama piko ilishakuwasha hata kidogo, rangi nyeusi za nywele achana nazo, na ukienda hospitali au kwa daktari wa meno mwambie, kwa sababu kuna dawa za ganzi za kupaka ambazo mwili unaweza kuzifananisha na piko. Wala usijipime nyumbani kwa kupaka kidogo nyuma ya sikio, hako kadogo kenyewe kanaweza kuwa ndo kanakufunza aleji.

Kaka zangu msicheke. Kinyozi anapitisha mashine, anapitisha wembe, anakufanyia skrabu, halafu anakupaka piko kwenye ndevu ili ionekane nzito. Hiyo si ndo wiki yangu ya harusi, tena ndani ya nusu saa?

Anayetaka kupambwa apambwe, mi sikatazi. Ila sukari iwe wiki nzima kabla, singo ya nguvu iishe siku tatu nne kabla ya kuchorwa, zile za mwisho iwe liwa la kupaka na kuosha basi, na ukiwa na mkwaruzo au ukurutu usichorwe juu yake. Wale wa mkorogo wa kujichubua ndo kabisa, ngozi imeshakuwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Na mchanganyiko uunuse mwenyewe: hina inanuka majani na mafuta ya karafuu, ukisikia mafuta ya taa au petroli inuka uende zako. Akikwambia itakuwa nyeusi ndani ya saa moja, hiyo si hina.

Mwaka jana nimemsimamia binti wa dada yangu. Tulimpaka hina Jumatano usiku, kalala nayo kafungwa vitambaa, asubuhi tumeikwangua kwa kijiko bila maji, rangi ya machungwa. Alilia huyo! Anti umeniharibia harusi. Nikampaka mafuta, nikamshikisha mikono juu ya moshi wa karafuu, nikamwambia subiri. Ijumaa jioni ilikuwa imeiva damu ya mzee, na mchoraji wa piko aliyekuja na marafiki wa bibi harusi akawa anaulizia tumeikorogea nini.