Kiko cha Mtumba Kinanuka Koga? Usikitie Maji

Juzi usiku kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Shikamoo mzee. Nimenunua kiko cha jiwe jeupe kutoka kwa watu waliokuwa wanahama, kinanuka kama godoro lililonyeshewa. Nikiloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya unga?" Nilikuwa nimeshajilaza. Nikaamka, nikamjibu kwa herufi kubwa: USITHUBUTU. Usingizi ukaishia hapo, maana swali hilo nililiuliza mimi miaka sita iliyopita, nikajijibu mwenyewe, na jibu langu lilikuwa ndoo.

Kazi yangu ni nguo. Naenda Istanbul kufunga mzigo, narudi Kariakoo kuuza. Safari moja mzigo ulichelewa siku mbili, nikawa natembea tu, nikaangukia kwa muuza vitu vikuukuu. Pale ndipo nilipokiona: kiko kilichochongwa kichwa cha mzee mwenye kilemba na ndevu, rangi yake asali iliyokolea kwenye shingo na kufifia kuelekea juu. Muuzaji akanieleza kwamba ni lületaşı, jiwe linalochimbwa Eskişehir, kati ya Istanbul na Ankara. Wazungu wanaliita kwa Kijerumani Meerschaum, yaani povu la bahari. Kipande kikavu huelea majini, basi jina limelikaa. Linachongwa likiwa bichi, linakaushwa, linazamishwa kwenye nta ya nyuki, na ile rangi ya asali huja yenyewe kwa miaka ya kuvutwa.

Nilikinusa? Sikukinusa. Nilikuwa na mafua, na hata bila mafua nisingekinusa, kwa sababu nilishapenda. Akanitoza dola 60, kisha 15 juu yake kwa kasha lake la mahameli. Hizo 15 zinaniuma mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Nyumbani Dar, mke wangu ndiye aliyefungua kasha. Akalifunga papo hapo. "Baba Zulfa, umeleta panya aliyekufa?" Shemeji yangu alikuwapo, akaongeza kwamba mtu mzima anasafiri kote huko kununua jiwe linalonuka. Wakacheka. Mimi nikaona aibu, na mwenye aibu hasubiri. Nikachukua ndoo, maji ya moto, sabuni ya unga, nikakizamisha.

Baada ya nusu saa nilikitoa. Mmeona kipande cha sabuni kilicholala kwenye kisahani chenye maji? Ndivyo lile jiwe lilivyokuwa. Nilipolishika ndevuni, ukucha wa kidole gumba ukaacha alama. Nta yote imepauka mabakamabaka. Nikadhani likikauka litarudi, nikaliweka kando ya jiko la mkaa. Ikasikika "tk", sauti ndogo kabisa, na ufa ukapita kutoka kwenye kilemba mpaka kidevuni. Na harufu? Ilikuwapo vilevile, sasa ikiwa na manukato ya sabuni juu yake.

Ndugu zangu, jiwe hili lina matundu madogo madogo kupita kiasi. Ndiyo sifa yake, linafyonza unyevu wa tumbaku ukapata moshi mkavu. Lakini halichagui. Linafyonza koga, linafyonza sabuni, linafyonza na ujinga wa mwenye nalo. Likishiba maji hulainika, na ukililazimisha kukauka haraka hupasuka.

Mwaka jana nikapata cha pili. Hiki ni cha kwetu. Wengi hawajui kwamba jiwe hili lipo Sinya huko Longido, mpakani na Kenya jirani na Amboseli, na kwamba Arusha ilikuwa na kampuni ya Tanganyika Meerschaum, jina lenyewe linakwambia ni ya enzi gani. Viko vyake vilikwenda hadi Ulaya vikiwa na chapa ya tembo na neno "Kiko". Mzungu huko anadhani ni jina la kiwanda, kumbe ni Kiswahili cha kawaida cha bibi yangu. Bibi alivuta kiko cha maji, na kwake kila kiungo kilikuwa na jina lake: toza ndipo pa kutia tumbaku, digali ndiyo shina. Nayatumia maneno yake hapa kwa kiko kikavu pia, wanaojua zaidi wanisamehe.

Hicho cha tembo nilikipata Moshi, familia moja inauza vitu vya marehemu babu yao. Kilikuwa ndani ya sanduku la bati, masika kadhaa yamepita juu yake, pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo. Safari hii nilinusa. Na nilinusa kwa vipande, jambo ambalo ningelifanya mwanzo ningekuwa bado na yule mzee wangu wa kilemba.

Nilichomoa mdomo, kile kipande cha kuvutia, nikaunusa peke yake: kiberiti kilichochomwa. Hiyo si koga, ni eboniti, ule mpira mgumu mweusi, ukizeeka hugeuka kijani-kahawia na kunuka hivyo. Ukausugue kwa msasa laini kabisa na tone la mafuta. Nikanusa toza: majivu ya zamani, uchachu kidogo. Kisha nikanusa kasha. Jamani. Mahameli ya kijani ilikuwa na vidoa vya kijivu kama unga uliomwagika, nikivuta ukingo inabanduka pamoja na gundi, na chini yake kadibodi imelowa na kuwa nyeusi. Uvundo wote nyumba yake ilikuwa hapo. Kiko kilikuwa mpangaji tu. Ile dola 15 ya Istanbul nililipia ugonjwa wenyewe.

Kasha nikalitupa. Najua wakusanyaji watanilaumu, walaumu tu.

Kwenye toza nilikwangua masizi kidogo kidogo kwa kisu butu. Wenye viko vya mti huyaacha yajenge ukuta, lakini kwenye jiwe masizi yakipata moto hutanuka na kulipasua. Tena mtaambiwa mjaze chumvi na spiriti. Kwa mti, sawa. Jiwe hunywa mchanganyiko huo, chumvi inarudi kuwa chembe humo ndani, na ufa unaanza. Mimi nilipitisha spiriti kwenye digali tu, ya asilimia 95, kwa waya wenye manyoya uliolowa bila kudondosha, waya baada ya waya. Wa kwanza ulitoka mweusi kama wanja. Wa kumi na tisa ulitoka mweupe.

Kisha kivulini, dirishani penye upepo. Si juani, nta hulainika na eboniti huharibika. Usiku nakiingiza kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vipande vya mkaa, mkaa ule ule wa jikoni, niliouchoma kwanza ukakauka na kupoa. Mkaa nabadilisha kila siku ya tatu. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Ya pili nikakata tamaa. Kuna wanaoweka kahawa, na kahawa inafaa, ila unaishia kuvuta kahawa.

Wiki ya nne nilimpa mke wangu anuse akiwa amefumba macho. Akasema, "Nta. Na kama udongo mkavu."

Vijana mna haraka, na haraka yenu mnaiita usafi. Mnataka harufu itoke leo jioni, mpige picha, mrushe. Kitu kimekaa miaka 30 kwenye uvundo, wewe unakipa nusu saa ya ndoo! Subirini. Chukueni pua zenu, tenganisheni vipande, na msitie maji. Nimeshalisema, nalirudia: msitie maji.

Kijana wa Morogoro alinijibu asubuhi kwamba kiko chake nacho kilikuja na kasha. Nikamwambia aanzie hapo.

Na shemeji wiki iliyopita alikuja, akakishika hiki cha tembo, akakigeuza, akakinusa. Akauliza ninakiuza bei gani. Nikamkaribisha chai.